Mvumo: Sauti ya Transfoma na Jina Lake

Umeme wa Uganda, kama wa nchi jirani, ni wa hezi 50. Katika kila mzunguko, kiini cha chuma ndani ya transfoma hutanuka na kurudi mara mbili, kwa kiasi kidogo mno, na ndipo inapotoka sauti ya hezi 100. Ukipita chini ya nguzo pale Wandegeya, Kampala, usiku wa manane, bodaboda zimepungua, utaisikia. Mwingereza huiita “hum”. Boliti zikilegea na sauti ikaingia mikwaruzo, huiita “buzz”, neno lilelile analotumia kwa nyuki.

Kwa yote mawili sisi tuna mvumo. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu wa Kiswahili. Mimi sikubaliani nao. Kitenzi vuma hakijali kama sauti ni laini au ina mikwaruzo. Kinachojali ni kwamba haikatiki na inaenea: upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na jina la mtu pia huvuma. Sauti ikiwa nzito ya kutisha tunasema inanguruma, kama radi, simba, au lori lililojaa matoke likipanda mlima. (Tumbo lenye njaa nalo limo humo, sijui linamtisha nani.) Paka aliyeshiba hukoroma, kuni hutatarika, majani makavu huchakarisha.

Basi kwa istilahi, “hum” iwe mvumo na “buzz” iwe mvumo wa mikwaruzo. Ni maneno mengi kidogo, lakini fundi yeyote atayaelewa.

Hata hivyo, mteja akipiga simu hasemi mvumo. Atasema, “Fundi, transfoma ya huku inalia.” Naye ataulizwa, “Inaliaje, mzee?” “Inafanya zzzz, halafu ta! ta!” Fundi ameshajua abebe spana, na ajihadhari na cheche.

Hiyo zzzz ni tanakali ya sauti. Mwaka 1935 mwanaisimu Clement Doke aliyapa maneno ya aina hii katika lugha za Kibantu jina la ideofoni, na jina lake ni pana kuliko letu. Yai la rolex, ile chapati ya mayai, likimiminwa kwenye mafuta ya moto hulia chwaa, sawa, hapo sauti ipo. Lakini nyeupe pe? Kimya jii? Hapo hakuna sauti ya kuigwa, ila vitabu vya shule bado vinaziita tanakali za sauti. Ningefurahi tukisema tanakali tu.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaoandika vitabu vya sayansi kwa Kiswahili waandike mvumo bila kusita, na pembeni yake waweke mmmm na zzzz, mwanafunzi asikie tofauti kabla ya kuikariri.