Jizo Sita wa Edo

Jizo Sita wa Edo (kwa Kijapani Edo Roku Jizo) ni sanamu kubwa za shaba zilizowekwa kati ya mwaka 1708 na 1720 katika mahekalu sita ya Kibuddha ya mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo. Waumini huzizuru moja baada ya nyingine kama hija fupi. Hija mashuhuri ya mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku ina mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Lakini hii ya Edo humalizika kwa siku moja kwa anayepanda treni. Sanamu tano zipo hadi leo. Ya sita iliangamizwa katika karne ya 19.

Jizo, ambaye kwa Kisanskriti huitwa Ksitigarbha, ni bodhisatva: aliyefikia ukingo wa ubuddha kisha akajizuia kuvuka ili kuwasaidia viumbe walio nyuma yake. Wabuddha hufundisha kwamba kiumbe akifa huzaliwa upya katika mojawapo ya hali sita: jehanamu, mizimu yenye njaa, wanyama, asura wasioishiwa ugomvi, wanadamu, au viumbe wa mbinguni. Jizo huingia katika hali zote hizo, hata jehanamu, na ndiyo maana sanamu zake mara nyingi huwa sita. Huchongwa kwa sura ya mtawa aliyenyoa kichwa, mkono mmoja ukishika fimbo yenye pete zinazolia, mwingine kito kinachotimiza maombi. Wajapani humtegemea kuwalinda wasafiri na watoto, hasa watoto waliofariki wangali wachanga au kabla ya kuzaliwa, na wazazi waliofiwa humvalisha kitambaa chekundu kifuani. Sidhani kuna mtakatifu mwingine wa Japani anayependwa na watu wa kawaida kuliko huyu.

Aliyeanzisha kazi hii ni mtawa aitwaye Shogen. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake aliugua sana, yeye na wazazi wake wakamwomba Jizo, na alipopona akaweka nadhiri ya kufanya Edo kama ilivyokwisha kufanywa Kyoto. Huko Kyoto Jizo sita walikaa kwenye njia za kuingilia mjini, na mpaka sasa watu huwazungukia tarehe 22 na 23 Agosti kila mwaka. Shogen naye alichagua mahekalu yaliyo karibu na barabara kuu zilizotoka Edo. Msafiri alimpita Jizo alipokuwa akiuacha mji, na siku ya kurudi Jizo ndiye aliyemlaki. Katika zama ambazo watu walisafiri kwa miguu majuma kadhaa, wakavuka mito na milima, na wengine wasirudi, hilo halikuwa jambo dogo.

Fedha zilitoka kwa michango ya umma, na hapa ndipo penye thamani kubwa ya sanamu hizi. Nyuma ya sanamu nyingi kubwa za Japani kuna mfalme au bwana wa kivita. Hizi zimechorwa majina ya waliotoa sadaka, maelfu kwa maelfu, wengi wao watu wa kawaida wa Edo ambao hawakuacha alama nyingine popote. Anayefika aisogelee sanamu na kuisoma shaba yenyewe pamoja na kitako chake. Kuitazama kwa mbali tu ni kukosa nusu ya ziara. Zilisubiwa na fundi mmoja, Ota wa mtaa wa Kanda Nabecho, na kila moja ina kimo cha takriban mita 2.7. Zilipokuwa mpya zilipakwa dhahabu.

Ya kwanza, ya mwaka 1708, iko hekalu la Honsenji mtaani Shinagawa, kando ya Tokaido, barabara ya kwenda Kyoto. Ni hii pekee kati ya tano zilizosalia isiyovaa kofia pana ya wasafiri. Honsenji pia ina kengele ya mwaka 1657 iliyopelekwa Ulaya katika karne ya 19 ikapotea, ikaja kuonekana Geneva, na watu wa mji huo wakairudisha mwaka 1930. Ya pili (1710) iko Tozenji, Asakusa, kwenye njia ya kaskazini.

Ya tatu (1712) iko Taisoji, Shinjuku, kwenye barabara ya Koshu, na hekalu hili lastahili saa nzima. Ndani ya ukumbi wake amekaa Enma, hakimu wa wafu, wa mwaka 1814, uso umekunjamana kwa ghadhabu. Pembeni yake yuko Datsueba, bibi kizee anayewavua wafu nguo kwenye mto wa kuzimu. Wanawake wa madanguro ya Shinjuku walimfanya mlezi wao. Uani kuna Jizo mdogo aliyefunikwa chumvi: mgonjwa huchukua chumvi kidogo, na akipona hurudisha maradufu.

Ya nne (1714) iko Shinshoji, Sugamo, kwenye barabara ya Nakasendo, mlangoni mwa mtaa wa maduka unaopendwa na wazee. Wengi huipita sanamu hii haraka wakimkimbilia Jizo wa hekalu jirani la Koganji, anayeitwa mng'oa miiba, ambaye kwa kweli haonekani kwa kuwa amefichwa daima. Jizo wa Shinshoji yuko wazi kwa kila mtu, na ni huyu aliye mmoja wa sita. Kila Juni 24 waumini huketi kwa duara mbele yake wakizungusha tasbihi moja kubwa kutoka mkono hadi mkono huku wakisali.

Ya tano (1717) iko Reiganji, Fukagawa, hekalu lililohamia huko baada ya moto mkuu wa 1657. Humo kuna kaburi la Matsudaira Sadanobu, waziri aliyeongoza serikali ya Edo mwishoni mwa karne ya 18.

Ya sita (1720) ilikuwa Eitaiji, jirani na Tomioka Hachiman, madhabahu ya Ushinto, dini ya jadi ya Japani. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru Ushinto utengwe na Ubuddha. Mahekalu mengi yaliyofungamana na madhabahu yalifungwa, vitu vitakatifu vikavunjwa au kuuzwa, na Jizo wa Eitaiji akatoweka pamoja na hekalu lake. Leo lipo hekalu dogo lenye jina hilo, lakini sanamu haikurudi. Majina yaliyokuwa juu yake yamepotea nayo, hasara isiyofidiwa na sanamu mpya yoyote.

Pengo hilo hujazwa na Jomyoin, karibu na Ueno, yenye Jizo mkubwa wa shaba aliyewekwa mwaka 1906, anayehesabiwa na wengi kuwa mrithi wa nafasi ya sita. Hekalu hilo lina mamia kwa mamia ya Jizo wa mawe, matunda ya nadhiri ya kusimamisha 84,000. Wageni wa hija hii huomba muhuri na mwandiko wa mtawa katika daftari maalumu, kwa malipo ya yeni mia chache. Hakuna mpangilio wa lazima wa kuyazuru mahekalu, na siku inayopendelewa ni tarehe 24 ya mwezi, siku ya Jizo.