Vipuri Vinavyokubaliana

Siku hizi Mmarekani anayejiundia bunduki huchagua vipuri vyake kama mtu anayechagua kanga: mtutu wa kampuni hii, kitako cha ile, kifyatulio cha nyingine kabisa. Na vyote vinaingiana. Nani alivikubalianisha?

Wengi watakutajia Eli Whitney, aliyepewa mkataba wa magobori 10,000 mwaka 1798. Hapana bwana. Yaliyobaki yamepimwa, vipuri vyake haviingiliani vizuri. Mapema zaidi, mwaka 1785, fundi Mfaransa Honoré Blanc alimwekea Thomas Jefferson vipande vya mitambo 50 ya kufyatulia. Jefferson akaunganisha kadhaa, akiokota chochote kilichomjia mkononi, vikakaa sawasawa. Miaka ya 1820, kule Harpers Ferry, John Hall akafanikisha jambo hilo kwa bunduki nzima, tena kwa mashine.

Kabla yao, fundi alikichonga kipande kwa tupa mpaka kikubali bunduki moja tu. Kikivunjika, umtafute fundi tena. Kwa hiyo bunduki inayoitwa ya kipekee leo imeundwa kwa vipuri ambavyo, kimoja kimoja, havina upekee wowote. Mie sioni ubaya. Ila sifa tuwape wenyewe: Blanc na Hall.