Maradhi ya macho ya vifaranga

Maradhi ya macho ya vifaranga ni hali inayofanya macho yavimbe, yatoe machozi au yagande kwa tongotongo. Kifaranga asiyeona hali wala hanywi, hivyo njaa humuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Katika Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe nchini Malawi, nyumba zimebanana; anayelea vifaranga chumbani kwa jiko la mkaa aanze kushuku moshi, kisha amonia ya maranda yaliyolowa kinyesi. Kipimo ni rahisi: chuchumaa hadi kimo cha vifaranga, macho yako yakiwasha, yao yanaungua. Badilisha maranda, ruhusu hewa ipite juu yao, wala usiwanyime joto.

Chakula nacho huchangia. Mahindi meupe, ambayo ndiyo nguzo ya mlo wa Malawi, hayana vitamini A. Kifaranga anayelishwa pumba tupu, baada ya wiki chache hujaa uchafu mweupe mzito chini ya kope. Mchicha au matembele yaliyokatwakatwa husaidia.

Jicho lililoganda hulainishwa kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, bila kubandua kwa nguvu. Vifaranga wakikoroma na kutoa kamasi, huenda ni mafua ya kuku: watenge, umwite afisa mifugo. Viua vijasumu vya kubahatisha ni hasara tu.

Chanjo ya kideri, ambacho Wamalawi hukiita chitopa, hudondoshwa jichoni. Kifaranga mgonjwa asichanjwe hadi apone.