Milimita Sita za Taya

Leo tuweke programu kando kidogo.

Juzi nilipanda 46 toka Kencom hadi Hurlingham, nikimsindikiza mjomba kwa daktari wa meno. Mjomba ni Mluo wa zamani: aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana, kama desturi ilivyotaka. Uzee ukamaliza mengine ya chini. Miaka kadhaa iliyopita, kliniki moja mjini ilimwambia kipandikizi hakiwezekani, mfupa ni mwembamba. Safari hii ameambiwa inawezekana. Nini kimebadilika?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark aliweka kifaa cha titani ndani ya mfupa wa sungura, achunguze damu inavyopita. Alipotaka kukitoa, kiligoma! Mfupa ulikuwa umeshikana na titani. Mwaka 1965 akamwekea Gösta Larsson skrubu za titani tayani. Zilimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006.

Shida ni vipimo. Skrubu yake ya kawaida ilikuwa na kipenyo cha milimita 3.75. Ongeza mfupa wa milimita moja au zaidi kila upande, unahitaji kama milimita 6. Na mfupa usio na jino hunyauka: mwaka mmoja tu baada ya kung'oa, upana unaweza kupungua nusu. Sembuse mjomba!

Madaktari wakabuni njia tatu: kuchukua mfupa kidevuni au nyuma ya taya, kuupandikiza na kusubiri miezi, kuupasua ukingo wa taya katikati na kuupanua, au kutumia skrubu nyembamba, chini ya milimita 3.5.

Lakini kwangu mimi mtu wa kompyuta, utamu uko kwenye data. Eksirei ya kawaida ya taya ni picha bapa. Inaonyesha kimo cha mfupa, upana inauficha. Mara nyingi daktari aliujua vizuri akishafungua ufizi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja mashine ya Kiitaliano inayozunguka kichwa, na programu inaliunda taya lote kwa pande tatu. Daktari anapima kwenye skrini kabla ya kushika kisu.

Mjomba ana milimita 5 mbele. Skrubu mbili nyembamba zitashika meno yake ya bandia. Bei ndiyo bado inauma. Anawaza kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa jino ling'olewe, uliza siku hiyo hiyo pengo litazibwaje. Mfupa haungoji.

Tuonane tena.