Pantoni ya Ndundu



Kila tukutanapo, mazungumzo yetu huanzia kwa walimu, hupitia kwenye ugali wa bwaloni na kuishia Ndundu. Vijana huuliza, Ndundu ni nini? Ni mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, Masasi na Newala huukuta Mto Rufiji. Hadi mwaka 2003 hapakuwa na daraja hapo. Palikuwa na pantoni, yaani sakafu ya chuma ieleayo, yenye ulimi unaoteremshwa ukingoni ili magari yapande. Sisi tuliiita daraja linalotembea.

Wenzetu wa Mombasa walikuwa na daraja la kuelea pale Nyali tangu mwaka 1931, likadumu hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980. Lakini lile lilikaa mahali pake. Letu lilitegemea hisani ya mto. Mvua zilipokolea Rufiji ulifurika, tope likameza barabara, na Kusini nzima ikawa kama kisiwa. Mwenye nauli alisubiri meli ya Mtwara. Asiye nayo alisubiri jua.

Mwaka mmoja katika miaka ya sabini tulilala ukingoni siku tatu. Kati yetu alikuwapo mwenzetu wa Newala, aliyekuwa amepata simu ya maandishi kwamba baba yake hajiwezi. Alichomeka kijiti pembeni mwa maji, na kila alfajiri alikwenda kukitazama. Siku ya kwanza kilizama. Siku ya pili hakikuonekana. Siku ya tatu kikachungulia, tukavuka. Tuliagana Masasi, yeye akatafuta gari la kupanda Newala. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kaa siku mbili.

Daraja la sasa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso huku kwetu Masasi. Basi hulivuka kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa.

Hata hivyo, Mei 2024 mvua ziliikata barabara hiyohiyo kule Somanga, kusini ya daraja. Mjukuu wangu alikuwa safarini. Akanipigia simu usiku: "Babu, tumelala njiani, hapapitiki." Nikamuuliza kama amechomeka kijiti. Hakunielewa, nami nikaanza kumsimulia.