Pamba ya Kilwa: kutoka kromosomu 26 hadi 52

Ukitaja pamba Njinjo, Kipatimu au popote Umatumbi, maongezi hayakawii kufika kwenye Majimaji. Ni haki yake. Mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, serikali ya Wajerumani ilianza kuwalimisha watu pamba kwa lazima, majumbe na maakida wakisimamia. Julai 1905, kule Nandete, watu waling'oa miche ya pamba, na vita ikaanza. Hadi inaisha 1907, kwa risasi na zaidi kwa njaa, wako wanahistoria wanaokadiria vifo hadi 300,000.

Sasa tuulize swali la kibaiolojia: ule mche uliong'olewa ulikuwa mmea gani hasa? Jibu lilikuja miaka 35 baadaye, kwa msaada wa sumu.

Turudi nyuma kidogo. Kilwa Kisiwani, wanaakiolojia wamefukua vigae vya duara vilivyotobolewa katikati. Vilikuwa uzito wa kijiti cha kusokotea nyuzi, na ni vya kabla Wareno hawajafika. Yaani watu wa hapa walisokota pamba tangu zamani. Enzi hizo mimea ya Amerika ilikuwa haijavuka bahari, kwa hiyo ile ilikuwa pamba ya Afrika na Asia. Kila seli yake ina kromosomu 26. Pamba ya biashara ya wakoloni, hata ile iliyoitwa ya Kimisri, asili yake ni Amerika, nayo ina 52.

Mara mbili kamili! Mwaka 1934 Skovsted, aliyefanya utafiti kisiwani Trinidad, alieleza kuwa kati ya hizo 52, nusu ni kubwa na nusu ni ndogo. Kubwa zinafanana na za pamba ya Afrika na Asia. Ndogo zinafanana na za pamba pori ya Amerika. Akasema hapa kuna ndoa ya koo mbili. Sawa, lakini unathibitishaje? Ukizichavusha koo hizo mbili unapata chotara tasa, kwa sababu kromosomu zake hazina wenza wa kupangana nao jozi kwa jozi wakati wa kutengeneza chavua na mayai.

Hapo ndipo inapoingia kolkisini. Ni sumu itokayo kwenye ua la Ulaya liitwalo *Colchicum autumnale*, na kwa dozi ndogo ni dawa ya zamani ya jongo. Mwaka 1937 Blakeslee na Avery, huko Marekani, walionyesha kwamba inazidisha kromosomu za mimea maradufu. Inafanyaje? Seli ikitaka kugawanyika, kwanza inanakili kromosomu zake, kisha nyuzi nyembamba zinazivuta, nusu huku na nusu kule. Kolkisini inazuia nyuzi hizo zisijengeke. Nakala zipo, wa kuzivuta hayupo, basi zote zinabaki kwenye seli moja. Angalia: hakuna jeni ngeni iliyopachikwa, ni zilezile zimeongezeka.

Mwaka 1940 J. O. Beasley wa Texas alichavusha pamba ya Asia (26) na pamba pori ya Marekani (26). Chotara akawa tasa, kama ilivyotarajiwa. Akampa kolkisini: 26 zikawa 52, kila kromosomu ikapata mwenza. Mmea huo mpya ukaweza kuzaliana na pamba ya kawaida ya Marekani. Mwaka huohuo Harland naye alitangaza matokeo ya aina hiyo. Dhana ya Skovsted ikawa imesimama. Uzao wa mmea wa Beasley ulitumika baadaye kuongeza uimara wa nyuzi za pamba.

Leo wataalamu wanakadiria kwamba ndoa yenyewe, ile ya asili, ilitokea Amerika kati ya miaka milioni 1 na 2 iliyopita, bila maabara wala kolkisini.

Kumbe ile pamba ya maakida haikuwa ngeni kabisa. Nusu ya kromosomu zake ni za ukoo uleule uliosokotwa Kilwa karne nyingi kabla. Kwa hiyo usikubali ile hadithi kwamba watu wa kusini waliikataa pamba kwa kuwa hawakujua faida yake. Pamba waliijua kabla Mjerumani hajaja. Walichokataa ni kulimishwa: siku zao kuchukuliwa, mashamba yao ya chakula kubaki na magugu, na jasho lao kuishia mfukoni mwa mwingine.