Bendi ya Kijapani iliyookolewa na kanda ya shoo moja

Les Rallizes Dénudés ilianza mwaka 1967 kwa wanafunzi wa chuo huko Kyoto, Japani. Hawa jamaa walikuwa noma: gitaa linafunguliwa sauti mpaka spika zinapiga mayowe, na wimbo mmoja unavuka dakika 10.

Machi 1970 likazuka la kuzuka. Mpiga besi wao wa mwanzo alikuwa kati ya vijana 9 walioteka ndege ya Japan Airlines kwa panga za kisamurai, wakaishia Korea Kaskazini. Akabaki huko huko.

Kiongozi wa bendi aliendelea kupiga shoo, ila albamu hatoi na waandishi anawakwepa. Tarehe 12 Machi 1977 walipiga Tachikawa, magharibi mwa Tokyo, na shoo ikarekodiwa. Ikatoka kwa CD mwaka 1991, miaka 14 baadaye, kwa jina la '77 Live. Kopi zilikuwa chache, watu wakadurufu na kupeana.

Kiongozi alifariki 2019, dunia ikajua 2021. Mwaka uliofuata shoo ile ikatolewa upya.

Mtu alijificha maisha yake yote, kanda ikamtaja. Wewe ungeitoa au ungemwachia siri yake?